Daftari la Usipa na Mlango wa Uzamivu

 Msikilizaji, uwe Liuli, Lituhi, Mbinga mjini au hapa hapa Mbamba Bay, nisikilize. Na kama uko ufukweni unaanua usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, kabla giza halijaingia, endelea na kazi yako. Sikio moja linanitosha.

Majuzi, jioni moja, kijana mmoja alifika kwangu. Akaniamkia, akakaa kwenye benchi la nje, akatoa mfukoni risiti ya mafuta ya pikipiki. Nyuma ya risiti hiyo alikuwa amepiga hesabu kwa kalamu ya bluu: 3.6 mara 4, gawanya kwa 5. Jibu: 2.88. Alikuwa amelipigia mstari mara mbili, karatasi ikachanika kidogo. Akaniambia, "Mwalimu, vyuo vingi vya Marekani vinataka uanzie 3.0. Mimi nina 2.88. Basi habari ya PhD imeishia hapa."

Kijana huyu ni wa huku huku. Ana shahada ya kwanza ya sayansi, upande wa viumbe wa majini na uvuvi, na kwa sasa anafundisha baiolojia kwa kujitolea katika shule ya kata. Jioni na siku za mapumziko yupo na wajomba zake wenye mitumbwi ya usipa. Swali lake silo lake peke yake. Nimelisikia kutoka kwa binti wa Mbinga anayetaka kusomea udongo, nimelisikia kutoka kwa mfamasia wa Songea. Wote wanauliza: mtu kama mimi, mwenye vyeti hivi, nina nafasi gani ya kupokelewa kwenye shahada ya uzamivu ya sayansi? Kwa hiyo leo naomba tulizungumze hadharani.

Kwanza hiyo hesabu ya risiti. Si sahihi. Kwetu, GPA ya 3.5 hadi 4.3 katika kipimo cha 5 ni daraja la pili la juu, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Mfumo wetu una ugumu wake na wa Marekani una wake, na alama za kipimo chao cha 4 hazitolewi kwa ukali ule ule wa kwetu. Wanaothamini vyeti vya nje huangalia daraja ulilopata na mfumo uliotoka. Hawachukui namba yako wakaigawa kama mtu anayebadilisha fedha. Fomu nyingi za maombi zinakuuliza alama zako ni ngapi na kipimo ni kipi. Andika 3.6, kipimo 5.0, kisha endelea na swali linalofuata. Usijifanyie uthamini ambao hujaombwa.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa lililonihuzunisha ni kwamba kijana aliamini nafasi yake yote imo ndani ya namba ile.

Alama zinakuvusha kizingiti. Ukishavuka, watu wanaokaa mezani kusoma maombi wanaanza kutafuta jambo jingine kabisa. Wewe jiweke kwenye kiti cha profesa. Anampokea mtu atakayekaa naye miaka minne, mitano, wakati mwingine sita. Katika muda huo samaki watakufa kwenye matangi, mashine itaharibika, matokeo ya mwaka mzima yataonekana hayana maana. Profesa anataka kujua kama mtu huyu atabaki na swali lake siku hizo. Alama za mtihani wa saa tatu haziwezi kumwambia. Kinachomwambia ni kazi ya utafiti uliyokwisha kuifanya kwa mikono yako, hata kama ni ndogo, pamoja na mtu aliyekuona ukiifanya.

Lugha yetu inalijua hili. Shahada hiyo tunaiita uzamivu, neno lililotokana na kuzama. Hapa Mbamba Bay tunao wapiga mbizi wanaowakamata wale samaki wadogo wa rangi kwenye mawe, wanaosafirishwa hadi nyumba za watu Ulaya na Marekani. Mnunuzi anapotaka mpiga mbizi, anauliza amezama wapi na ametoka na nini.

Sasa huyo aliyekuona. Hapa nizungumze polepole, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotezea nafasi bila kujua. Maombi mengi ya nje yanadai barua tatu za watu wanaokufahamu kitaaluma. Miaka ile nilipokuwa naomba mimi, nilimwendea mhadhiri wangu mmoja, chuo sikitaji, nikamwomba barua. Akaniambia, "Andika mwenyewe, lete nisaini." Nikaandika. Ningejisifu vipi? Nikaandika kwamba mwombaji ni mtu mwenye bidii, mwenye nidhamu, aliyehudhuria vipindi. Akasaini. Barua hiyo ilisafiri hadi kwa watu ambao siku hiyo hiyo walikuwa wanasoma barua nyingine, za wanafunzi wa kwingine, zinazosema: alikuja na wazo hili, akakosea hapa, akarekebisha hivi, katika miaka yangu ya kufundisha namweka miongoni mwa watatu wa kwanza. Sikupata nafasi. Sikujua sababu mpaka miaka mingi baadaye, nilipokaa upande wa pili wa meza nikaanza kusoma barua za wengine. Barua inayosema mtu ana nidhamu, msomaji wa huko anaielewa kwamba aliyeandika hamjui mwombaji.

Kwa hiyo ukitaka kupima nafasi yako, jiulize kabla ya yote: yuko mtu mmoja mwenye jina katika fani yangu anayeweza kueleza, bila kuangalia karatasi, ni kitu gani nilifanya? Kama yuko, una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Kama hayuko, hata ukiwa na 4.6 kazi bado ipo.

Nikupe mfano wa mtu unayemjua. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alipelekwa Kansas mwaka 1960 katika msafara wa wanafunzi wa Kenya waliopelekwa kusoma Marekani, akapata shahada ya kwanza ya baiolojia mwaka 1964 na ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966. Akarudi Nairobi akiwa na barua ya kumwahidi kazi ya usaidizi wa utafiti chuoni. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Kama angepima uwezekano wake siku ile, angeandika sifuri. Lakini profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyetoka Giessen kuja kuanzisha idara ya anatomia ya mifugo, alikuwa anahitaji mtu anayejua kuandaa vipande vya tishu na kuvisoma kwa darubini. Wangari alikuwa amejifunza kazi hiyo Pittsburgh. Akamwajiri. Mezani pale, mbele ya darubini, ndipo profesa alipomwona na kumsukuma aendelee, akaenda kusoma Ujerumani, na mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kikamtunuku uzamivu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati. Mlango ulifunguliwa na ujuzi wa mikono ambao mtu mmoja aliuhitaji wiki ile.

Baada ya hapo, jua kwamba mlango haufanani kila nchi, na nafasi ya mtu yule yule hubadilika akivuka mpaka.

Marekani unaweza kuomba uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu, na katika sayansi anayekubaliwa kwa kawaida halipi ada. Analipiwa, tena anapewa posho kwa kufundisha wanafunzi wa chini au kufanya kazi maabara. Lakini angalia fani. Idara nyingi za baiolojia ya molekuli na za tiba hupokea wanafunzi kwa pamoja, kisha mwaka wa kwanza wanazunguka maabara mbili tatu kabla ya kuchagua msimamizi. Idara za ikolojia na uvuvi mara nyingi ni kinyume: kama hakuna profesa aliyesema "huyu namtaka", fomu yako haiendi mbali, hata iwe nzuri namna gani. Huyo profesa unamwandikia wewe, mwezi wa nane au wa tisa, kabla dirisha halijafungwa Desemba. Na fedha nazo zina mipaka. Baadhi ya mafungu ya serikali yao ya kuwafunza watafiti wa afya, yale ya NIH, ni ya raia na wakaaji wa kudumu peke yao. Kwa hiyo idara inaweza kukupenda ikakosa fungu la kukuwekea, nawe ukalala unajilaumu kwa jambo ambalo hata halikuhusu. Mtihani wa GRE, uliokuwa ukiwatisha watu, idara nyingi za sayansi zimeuacha miaka hii ya karibuni. Ada ya kuomba ni dola 75 hadi zaidi ya 100 kwa chuo kimoja. Fedha hizo kwa mwalimu wa kujitolea ni mlima. Andika kuomba msamaha wa ada kabla ya kulipa, vyuo vingi vinao utaratibu huo. Kuhusu mtihani wa Kiingereza, uliza kama barua ya chuo chako kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza inatosha, maana kuufuata mtihani huo Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Mwisho, kukubaliwa na chuo hakukupi viza, na masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekazwa. Usiutegemee mlango huo peke yake.

Uswidi, Norwe na Uholanzi, uzamivu mara nyingi ni ajira: unatangazwa kama kazi, una mkataba na mshahara, na anayetakiwa ni mwenye uzamili. Huko unashindania nafasi moja yenye swali lililokwisha kuandikwa. Ujerumani kuna ufadhili wa DAAD, Uingereza kuna wa Jumuiya ya Madola, na kuna ufadhili mwingine unaohesabu miaka tangu umalize shahada ya mwisho, kwa hiyo usikae na cheti kabatini ukidhani kinakusubiri.

Na hapa nyumbani? Hapa watu wengi wanakosea upande wa pili. Wanadhani ni pagumu kuingia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha kilimo cha SUA Morogoro, taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, vyote vinakutaka uwe na uzamili, andiko la utafiti linaloeleweka, na msimamizi katika idara anayekubali kukuongoza. Ukiwa na hivyo vitatu, mlango wa udahili uko wazi kuliko unavyofikiri. Kigumu ni mfuko: nani atalipa ada, nani atalipa boti, kemikali na vipimo. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa uzamivu nchini ni wahadhiri waliokwisha kuajiriwa, na ajira hiyo nayo ina kizingiti chake. Matangazo ya mkufunzi msaidizi yanadai GPA isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza. Kijana wangu wa 3.6 mlango huo umemkataa kwa pointi mbili ndogo. Nilimweleza hivyo waziwazi, sikumficha.

Lakini huyu amezaliwa mahali gani? Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700, na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Wataalamu wanahesabu kati ya 500 na 1,000, wengi wao jamii ya furu, na karibu wote hawapatikani kwingine. Vyuo vya Bristol, Cambridge na Antwerp vina watafiti waliokula miaka juu ya samaki hawa ambao watoto wetu wanawavua kwa ndoana kwenye mawe. Mwaka 2015 jarida la Science lilitoa utafiti wa furu wa Masoko, lile ziwa dogo la kreta kule Rungwe, ukionyesha jinsi samaki wa jamii moja wanavyoanza kuachana, wengine wakikaa ukingoni na wengine kilindini. Katika orodha ya waandishi yumo Mtanzania, Benjamin Ngatunga wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi. Ukipanda juu Umatengoni, kilimo cha ngoro, yale mashimo ya bibi zetu yanayozuia udongo usiteremke mlimani, kilifanyiwa utafiti na wasomi wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, tangu miaka ya 1990.

Kuzaliwa kando ya ziwa si sifa ya kudahiliwa. Hakuna atakayekupa nafasi kwa kuwa unajua kuogelea. Lakini kunakupa ukaribu, na ukaribu ukiutumia unageuka kazi. Mtafiti wa nje akitaka kufanya utafiti Tanzania lazima apate kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na awe na mwenzake wa hapa nchini. Maana yake kila timu inayokuja na chupa zake na nyavu zake ina mtu wa hapa inayeshirikiana naye, na inahitaji mikono inayojua maji haya. TAFIRI wana kituo Kyela. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, wana kituo Ugano, hapo hapo Mbinga. Ni wangapi kati ya wahitimu wetu wa sayansi wamewahi kubisha hodi kule wakasema: nipeni kazi ya miezi mitatu, hata ya kupima na kuandika? Wengi tunapita na basi, tunaona kibao, tunaendelea na safari kwenda mjini kutafuta mashine ya kuchapa maombi.

Nirudi kwa yule kijana. Nilimuuliza ana utafiti gani. Akasema hana, ila mradi wa mwaka wa mwisho. Tukazungumza mengine, na katika mazungumzo akataja daftari. Nikamwomba alilete kesho yake.

Ni kaunta buku yenye jalada jeusi, kona zimelowa na kukauka, kurasa zinanukia samaki. Amechora safu kwa rula: tarehe, mitumbwi iliyotoka, ndoo za usipa, bei ya ndoo, na safu ya mwisho ameandika "giza" au "mbalamwezi". Miezi 14. Alianza kwa sababu wajomba zake walikuwa wakigombana juu ya mgawo, akaona maandishi yatamaliza ugomvi. Katika wasifu wake, ile CV aliyokuwa tayari kuituma Marekani, daftari hili halimo kabisa. Lakini ameandika kwamba anapenda kusikiliza muziki na kusafiri.

Tukalisoma pamoja kama ambavyo profesa angelisoma. Ndoo ni ndoo gani? Lita 20, akasema, lakini wengine wanajaza hadi kilele, wengine hadi ukingoni. Basi, pima ndoo kumi za kila aina kwenye mizani ya duka, tupate wastani na tofauti yake. Kisha nikamwonyesha ukurasa wa mwezi wa saba mwaka jana, siku tisa hazina kitu. Siku hizi mitumbwi haikutoka kwa sababu ya kusi, au wewe hukuwepo? Akanyamaza, akafikiri, akasema: nyingine kusi, nyingine nilikuwa Mbinga kusahihisha mitihani. Hapo ndipo nilipoanza kumfundisha jambo la kwanza la utafiti, kwamba nafasi tupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri ni habari ya ziwa. Nafasi tupu ni habari ya mwandishi. Alikaa muda mrefu akiangalia ukurasa ule, kisha akaomba kalamu, akaanza kukumbuka siku moja moja na kuweka alama pembeni zile tu alizokuwa na uhakika nazo. Zile asizokuwa na uhakika aliziacha. Hakuna aliyemwambia aziache.

Hapo nikajua huyu ana nafasi.

Nafasi gani hasa? Nilimwambia, na nakuambia wewe pia. Akiomba uzamivu wa Marekani mwaka huu, na barua za watu wasiomjua, nafasi yake ni ndogo mno, ada atazitupa. Akikaa miaka miwili na uzamili wenye utafiti wa ziwani, akafanya kazi mahali ambapo mtafiti halisi anamwona kila wiki, akaandika barua kumi fupi kwa maprofesa kumi akiwa amesoma kazi zao, kila barua na swali lake mahususi, basi nafasi yake itakuwa nzuri hapa nchini, nzuri kiasi Ulaya, na Marekani itategemea fedha na viza zaidi kuliko yeye mwenyewe. Barua tatu zikikosa jibu asikate tamaa. Maprofesa wana barua nyingi. Zote kumi zikikosa jibu, aje tena tuitazame barua.

Jumatatu aliandika kwa kituo cha Kyela, akaambatisha kurasa nne za daftari. Hajajibiwa bado.

Sasa neno langu la mwisho si kwake, ni kwenu, walimu wa vyuo vikuu mlio likizo huku nyumbani na mnanisikia. Atakuja kwenu mtoto wa Mbamba Bay au wa Mbinga kuomba barua. Msimwambie aandike mwenyewe mkasaini. Mkaribisheni, muulizeni amefanya nini, someni daftari lake, kisha barua iandikeni ninyi, na muitume kabla ya Desemba.